Mbona Wake wa Humu Hulia Tu?

Maneno haya niliyasema jioni moja mjini Lamu, katika ukumbi usio mbali na uwanja wa Mkunguni, mbele ya vijana wanaojifunza kazi ya habari, wazazi wao na kina mama wanaouza samaki. Nimeyaandika karibu na nilivyoyasema.

Asalaam aleikum. Wazee wangu mlioko mbele, shikamooni. Mama zangu mliokuja moja kwa moja kutoka sokoni, ahsanteni sana, maana najua saa hizi ndizo karai huwa motoni na kila dakika mliyoketi hapa ina thamani yake. Na nyinyi vijana mlioketi sakafuni kwa kuwa viti vimekwisha, leo nasema nanyi hasa.

Nianze na bibi yangu, mzaa mama, Mungu amrehemu. Miaka yake ya mwisho alipofuka. Kitanda chake kilikuwa chumba cha ndani, runinga iko sebuleni, na mlango hatukuufunga ili asijione mpweke. Alisikiliza kila kitu: habari, matangazo, tamthilia, mechi za mpira asizozijua. Jioni moja, taarifa ya habari ilipokwisha, aliniita. Akaniuliza: "Mwanangu, mbona wake wa humu hulia tu? Hawana la kunena?"

Kwa wageni wetu mliotoka bara: hapa Amu, yaani Lamu, mke ni mwanamke yeyote, si lazima awe mke wa mtu.

Nilitaka kumjibu, nikakosa la kusema. Kesho yake nilikaa kitandani kwake, nikafumba macho, nikasikiliza kama asikilizavyo yeye. Kamanda wa polisi akazungumza, mwanamume. Mbunge, mwanamume. Mtaalamu wa uchumi, mwanamume. Likaja tukio la moto mahali fulani, na hapo nikasikia mwanamke wa kwanza anayehojiwa: analia, maneno hayaeleweki, na sauti ya ripota inampita juu. Yakaja matangazo. Mwanamke anafurahia povu la sabuni, kisha sauti nzito ya mwanamume inamweleza kwa nini sabuni ile ni nzuri. Ikaja tamthilia. Mwanamke mmoja analia kwa sababu ya mume, mwingine anacheka kicheko kibaya kwa sababu ya mume huyohuyo.

Ni kweli, msomaji wa habari usiku ule alikuwa mwanamke, mwenye Kiswahili safi. Sitaki kulipita hilo. Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, na wale tulioona 1990 Catherine Kasavuli akiketi kusoma habari moja kwa moja kwenye kituo cha KTN tunakumbuka ilivyokuwa: watu waliitana waje wamwone. Leo binti wa Pwani kama Lulu Hassan kusoma habari si ajabu kwa mtu yeyote, na hiyo ni hatua. Lakini msomaji husoma yaliyoandikwa. Swali la bibi yangu lilikuwa juu ya wale wanaoulizwa.

Sasa niwaambie jambo ambalo si rahisi kwangu. Wengi wa wale waliolia kwenye chumba cha bibi yangu, wa huku kwetu, kamera iliyowapiga ilikuwa yangu.

Nimekuwa stringa, mwandishi wa habari asiyeajiriwa, hapa Lamu miaka kumi na minne. Vijana, mnajua stringa analipwaje. Analipwa kwa taarifa iliyotoka hewani. Isiyotoka, mafuta ya mashua ni yako, na chakula cha siku ile ni chako. Kwa hiyo unajifunza haraka sana mhariri anataka nini, hata asipokuambia. Mimi nilijifunza ndani ya miezi michache kwamba mwanamke anayelia hutoka hewani siku zote. Unaweza kukosea sauti, ukakosea mwanga, lakini ukiwa na mwanamke amejishika kichwa, leso imemwanguka begani, taarifa yako imepita.

Kuna mwaka mashua ilizama mkondoni, ikiwa na watu na saruji. Nilifika jeti mapema. Palikuwa na mama mmoja auzaye chai pale ngazini, na kaka yake alikuwa ndani ya ile mashua. Nilimsogezea kamera mpaka machozi yakaonekana vizuri. Ilitoka hewani sekunde nane. Baada yake akaja ofisa mmoja, akataja idadi ya watu waliokuwamo, na taifa zima likaipokea idadi ile.

Miezi miwili baadaye nilikunywa chai kwake. Hatukuwa tunazungumza habari ya msiba. Yeye mwenyewe, akiwa anasuuza vikombe, akaniambia, "Ile hesabu waliyotoa siku ya kwanza haikuwa sawa." Nikamuuliza alijuaje. Akaniambia kila aliyeshuka zile ngazi asubuhi ile alimuuzia chai au alimkataa chai, na vikombe vyake vina hesabu. Alijua walikuwa wangapi. Alijua watoto walikuwa wangapi. Alimwona nahodha akipakia mifuko ya saruji ya mwisho, na alimpigia kelele kwamba mashua imezama mno majini. Ile idadi rasmi ilikuja kusahihishwa baada ya siku mbili, na ikawa ileile ya vikombe.

Siku mbili, ndugu zangu. Siku mbili watu walikuwa wakitafutwa kwa hesabu isiyo sahihi, na hesabu sahihi ilikuwa kichwani mwa mwanamke niliyesimama naye pua kwa pua. Sikumuuliza. Haikunipitia akilini kwamba anajua kitu. Nilimwona kama mtu wa kuhurumiwa, na mtu ukishamweka kwenye huruma humuulizi hesabu.

Tangu siku ile nikaanza kutazama jambo ambalo nadhani nyinyi vijana hamjaambiwa darasani: yale maandishi ya chini ya skrini, jina na cheo. Yatazameni leo usiku. Mwanamume akisema neno moja tu, chini yake huandikwa Mwenyekiti wa BMU (kile kikundi cha kusimamia ufuo), Mvuvi, Mfanyabiashara, Msemaji wa Wazee. Hata kijana asiye na kazi huandikwa Mwanaharakati. Mwanamke? Mkazi. Mkazi wa Faza. Mkazi wa Mpeketoni. Mkazi wa Malindi. Au Mwathiriwa. Au Mama wa marehemu. Mama anayeuza samaki miaka thelathini, anayewakopesha wavuvi fedha za mafuta wasipopata kitu, ambaye daftari lake ukilifungua utaona nusu ya ufuo unamdai au anaudai, huyo huandikwa Mkazi. Nimeandika Mkazi mara nyingi kwa mkono wangu, kwa sababu sikuwa nimemuuliza anafanya nini.

Wako waliohesabu mambo haya kwa upana. Tangu 1995 kuna mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari ambao kila baada ya miaka mitano huchagua siku moja, na watu wa nchi nyingi husoma, husikiliza na kutazama habari za siku hiyo, wakahesabu ni nani anayetajwa na nani anayehojiwa. Mwaka ule wa kwanza, wanawake walikuwa 17 katika kila watu 100. Mwaka 2020, nchi 116 zilipohesabu, walikuwa 25. Robo karne imeongeza watu wanane. Waliohesabu walipiga makadirio kwamba kwa mwendo huo pengo litachukua si chini ya miaka 67 kuzibika. Kwa hiyo sisemi kwamba Lamu ina ugonjwa wake peke yake. Ninasema tu kwamba sisi tuko huku mwisho wa waya, na mwisho wa waya ndipo mwanga huwa hafifu zaidi.

Na wala si kwamba hakuna aliyeandika namna ya kufanya. Kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zilisema kwa uwazi kwamba wanawake na wanaume watendewe sawa kama wahusika wa habari na kama vyanzo vya habari. Hilo la pili ndilo tuliloliruka. Wahusika tumewaonyesha, vyanzo hatukuwafanya.

Sasa nije kwenye pweza, maana mama zangu wa Pate wamenitazama tangu nimesimama, wakingoja nilisimulie hili.

Nilikwenda kijiji kimoja upande wa Pate kupiga taarifa ya wanawake wanaovua pweza. Nilikaa nao bamvua nzima. Kwa asiyejua, bamvua ni zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakijaa yamejaa kweli na yakitoka yametoka mpaka mwamba unabaki nje. Wanawake wale huingia mwambani na kijiti cha chuma, ndoo na viatu vya plastiki, na wana saa mbili, ukizidisha sana tatu, kabla maji hayajarudi. Mimi niliona mawe. Mama niliyefuatana naye aliona nyumba. Alinionyesha tundu lililozungukwa na maganda ya kaa, akaniambia, "Huyu yupo nyumbani, amekula jana." Akanionyesha jingine, mawe yamepangwa mlangoni kama mtu aliyejenga kizuizi, akaniambia huyu tusimguse, huyu jike amefungia mayai.

Halafu, akiwa ameinama, bila kunitazama, akanipa somo ambalo sijalipata shule. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani mwake. Akishataga huacha kula. Hukaa pale mlangoni akiyapepea mayai kwa maji mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Ukimtoa kabla, umekula mama na watoto wote kwa mlo mmoja. Ndiyo maana, akasema, kijiji kikikubaliana kuufunga mwamba miezi mitatu minne, siku ya kuufungua mtu hutoka na pweza ambao ukimwinua mmoja mkono unachoka. Akanieleza walivyobishana mpaka wakakubaliana, nani alikataa na kwa nini, walivyogawana zamu za kulinda, na bei ilivyopanda kwa sababu mnunuzi alipata pweza wakubwa wa siku moja badala ya wadogo wa kila siku. Alizungumza dakika arubaini. Nilikuwa nayo yote, sauti safi, upepo kidogo tu.

Mwishoni, kwa mazoea ya kazi, nikamuuliza, "Na maisha je, mama?" Akajibu kama sote tujibuvyo swali hilo: "Maisha ni magumu, mwanangu, lakini twashukuru."

Taarifa ilitoka hewani dakika moja na nusu. Ilianza na muziki wa huzuni. Wanawake wameinama mwambani, wamepigwa kwa nyuma, jua nyuma yao. Sauti ya ripota wa studio inasema kina mama wa Lamu wanahangaika kutafuta riziki. Akaja mwanamume mmoja, ofisa, akaeleza kuhusu kufunga mwamba. Akaja mwanamume wa pili, mtaalamu, akaeleza kuhusu mayai ya pweza. Kisha akaja yule mama, chini yake limeandikwa Mkazi, akasema, "Maisha ni magumu." Wakakata hapo. Hata lile "lakini twashukuru" walilikata.

Nilimpigia mhariri simu. Hakuwa mtu mbaya, na alinisikiliza. Aliniambia watazamaji wanataka hisia kutoka kwa watu wa kawaida na maelezo kutoka kwa wataalamu. Nikamwambia yule mama ndiye mtaalamu, wale wawili yeye ndiye aliyewafundisha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Wakati mwingine."

Nilirudi kule kijijini kwa aibu. Nilijua wameitazama pamoja, kwa jirani mwenye runinga kubwa. Yule mama alinikaribisha, akanitilia uji, na alichosema kilikuwa kimoja tu: "Ulikuja kwa mashua mpaka kwetu, ukashinda na mimi kutwa, ukanipiga mgongo."

Ukanipiga mgongo. Sijaisahau sentensi hiyo, na msipoondoka na jingine hapa leo, ondokeni na hiyo.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kesi ya bandari ya Lamu na kuamuru wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ilikuwa habari kubwa, na nilishiriki kuipiga. Picha zangu zote zilikuwa za wanaume na mashua, nyavu na matanga. Neno "mvuvi" lilipotajwa, mimi mwenyewe, mtoto wa kike wa mtaa wa Langoni, niliyekulia kwa fedha za samaki wa kukaanga, sikumgeukia hata mama karanga mmoja, mkaanga samaki, kumuuliza bahari ikifungwa karai lake hupata nini. Na hebu litazameni neno lenyewe. Mvuvi. Lina ndevu? Lina buibui? Kiswahili kilitupa neno lisilo na jinsia. Mvuvi, nahodha, daktari, fundi, hakimu, rubani. Hata kitenzi chetu hakibagui: amefika, amesema, ameamua. Waingereza hawawezi kusimulia sentensi mbili za mtu bila kukuambia ni mume au mke. Sisi tunaweza kusimulia hadithi nzima. Waturuki nao vivyo hivyo, lugha yao haina kiwakilishi cha kike wala cha kiume, na sasa tamthilia zao zinaingizwa sauti za Kiswahili na nyumba nzima inatulia kuzitazama. Lugha mbili zisizobagua zimekutana kwenye skrini, na bado skrini inabagua. Ni kamera inayochagua nani asimame wakati neno "daktari" linapotamkwa. Kamera ina mtu nyuma yake.

Kuhusu tamthilia sitasema mengi, si uwanja wangu. Lakini sisi watu wa Pwani tuna dai letu. Kwa miaka mingi mwanamke wa Pwani akiingia kwenye mchezo wa runinga, anaingia kwa milango miwili. Ama ni wa mahaba, macho ya wanja, anavunja nyumba ya mtu. Ama ni wa uganga, chetezo mkononi, jini nyuma ya pazia. Na mwanamume wa Pwani yuko barazani amelala, au anavuta maneno kama mtu asiye na haraka ya kuishi. Mwanamume anayepika huwekwa ili achekwe. Tazameni harusi zetu: nani anasimama na sufuria za pilau usiku kucha? Wapishi wanaume, na hakuna anayewacheka. Tazameni wanaume wanaokaa na kofia mkononi, sindano na uzi mweupe, viua vidogo vidogo mwezi mzima. Watoto wetu wanajua hayo kwa macho yao, kisha wanaiwasha runinga na kuambiwa kwamba hayapo. Nimefurahi kuona wasanii wa Pwani wenyewe wakianza kuandika na kutengeneza tamthilia zao. Ninawaomba tu, na wengine wako humu ndani, msituuzie tena jini letu kwa kuwa ndilo linalonunuliwa.

Matangazo ya biashara nayo yanastahili neno. Wenzetu wengine wameyachukulia hatua. Uingereza, tangu Juni 2019, haikubali tangazo linalobeba dhana potofu ya kijinsia inayoweza kudhuru. Mwezi Agosti mwaka huohuo matangazo mawili ya kwanza yalipigwa marufuku. Moja la jibini ya Philadelphia, ambalo kina baba wawili wanashindwa kulinda watoto wachanga kwa kuwa wanababaishwa na chakula. La pili la gari la Volkswagen, wanaume wanafanya mambo ya ujasiri na mwanamke ameketi kando ya kigari cha mtoto. Angalieni hilo la kwanza: aliyeonewa pale ni baba. Wazee wangu, msidhani mazungumzo haya ni ya wanawake kuwateta wanaume. Kijana anayeambiwa kila siku kwamba baba hajui kubeba mtoto, anaambiwa pia kwamba asijaribu.

Sasa nijibu jambo ambalo najua liko mioyoni mwa baadhi yenu, maana liliwahi kuwa moyoni mwa baba yangu. Mtu atasema: sisi tuna heshima zetu, tuna dini yetu, hatutaki binti zetu wapigwe picha waanikwe. Mwanamke kutosikika ndiyo stara yake.

Nalijibu kwa adabu. Kwanza, hata sasa anapigwa picha na kuanikwa. Anaanikwa siku mbaya kuliko zote za maisha yake, leso imemwanguka, na hakuna aliyemuuliza kama ameridhia. Kama ni stara, tuanze kulinda pale. Pili, sauti si sura. Mama asiyetaka uso wake uonekane ana haki hiyo, na ripota mwenye akili atapiga mikono yake, karai lake, bahari yake, na atamwacha aseme. Bibi yangu hakuwa akiona sura ya mtu yeyote, na bado alijua nani anasema na nani analia.

Na tatu, wazee wangu, sisi watu wa visiwa hivi tuna ushahidi wetu. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia binti yake. Wasichana wa leo wanabishana na usia ule, na wanafunzi wangu wengine wamebishana nami mpaka usiku. Wabishane. Lakini hakuna anayeijua sura ya Mwana Kupona. Hakuna picha yake. Tulicho nacho ni maneno yake, na kwa maneno hayo amekaa miaka zaidi ya mia moja na sitini akitufundisha waume kwa wake, wala hakuna aliyewahi kusema kwamba alivunja heshima. Karne nzima kabla runinga haijafika nchi hii, mwanamke wa huku alikuwa chanzo.

Na ndugu zetu wa Malindi mliokuja, nyinyi mna sanamu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuupinga ukoloni, pale bustanini. Kila mwaka Siku ya Mashujaa kamera hufika. Watu hukumbuka kwamba mwaka 1913 alikamatwa, akapelekwa mbali huko magharibi, akatoroka akarudi. Mimi hupenda kukumbuka alivyowakusanya Wagiriama kabla ya hapo. Aliwakusanya kwa kifudu, ngoma ya matanga. Mzungu aliyeona wanawake wanacheza kifudu alidhani ni kilio. Watu walipokwisha kukusanyika, Mekatilili alisema. Na kama pangekuwa na kamera siku ile, naogopa ingepiga ngoma na kuondoka kabla hajafungua kinywa.

Wapigakura wa Pwani wameshatuacha nyuma sisi watu wa habari. Malindi ilimpeleka Aisha Jumwa bungeni mwaka 2017 na Amina Mnyazi mwaka 2022. Lamu Mashariki, kule kwa wavuvi wa Faza na Kizingitini, ilimchagua Ruweida Obo mwaka huo wa 2022, na mama huyo ni rubani. Watu waliona mwenye la kunena, wakamchagua.

Vijana, najua mtaniuliza, kama mlivyoniuliza jana: na mhariri akikata je? Atakata. Lakini ni vigumu zaidi kukata kitu ambacho hukumpa mbadala wake. Mimi siku hizi mwanamke wa kwanza ninayemhoji, swali la kwanza ni jina lake, la pili ni kazi yake, na kazi hiyo naiandika mwenyewe juu ya klipu: Mvuvi wa pweza. Mfanyabiashara wa samaki. Mkunga. Swali la tatu ni juu ya kitu anachokijua. Swali la "maisha je" nimeliacha kabisa. Na akilia, naizima kamera, nakaa naye, kisha nikiruhusiwa naiwasha tena tuendelee pale alipofikia. Taarifa zangu zinazotoka hewani zimepungua, sitawaficha. Zinazotoka, watu wa huku hunipigia simu.

Yule mama wa Pate amekubali turudi. Amesema masharti yake mawili: tumpige uso, na lile somo la mayai alitoe yeye. Bamvua ni wiki ijayo. Mashua itaondoka jeti saa kumi na moja alfajiri, baada ya sala, ili tuupite mkondo wa Mkanda kabla maji hayajatoka, na tuwe mwambani kabla ya saa nne. Nafasi ni za watu wanane. Leteni viatu vya plastiki, betri mbili za akiba, na kila mmoja aje na maswali kumi juu ya pweza. Nitayasoma ngazini kabla hamjapanda.